Droo ya barua za kaunsili

Kwenye nyumba nyingi za watu wetu hapa Leicester, Uingereza, kuna droo ya jikoni ambayo mgeni haoneshwi. Humo zimelala barua za kaunsili, yaani halmashauri ya mji inayowapangisha nyumba, hazijafunguliwa, nyingine tangu baridi iliyopita. Mwenye droo huwa mtu wa heshima zake: msibani anachanga, kwao anatuma. Kodi ya nyumba tu ndiyo imempiga chenga. Na kwa kuwa kwetu ukidaiwa kodi mtaa mzima unajua, huku anaona afadhali anyamaze.

Deni lenyewe mara nyingi si uzembe. Ukipunguziwa saa kazini ukaomba Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, hela ya kwanza huchukua kama wiki 5, na kodi haikusubiri. Unaweza kuomba malipo ya awali, ila huo ni mkopo, utakatwa. Halafu fungu la nyumba, yaani sehemu ya msaada huo iliyo ya kodi, huingia kwenye akaunti yako, limechanganyika na hela ya chakula. Shangazi mmoja wa Tanga aliniita nimsomee barua. Alikuwa anaamini kabisa kwamba serikali na kaunsili wanalipana wenyewe. Nikamwonesha mstari wa fungu la nyumba kwenye simu yake. Akakaa kimya, kisha: "Mwanangu, kumbe zile ndizo nilizonunulia bati za Muheza!" Tukacheka, maana kulia kusingerudisha bati dukani.

Kuna na la hesabu. Kaunsili hutoza kodi kwa wiki, Universal Credit hulipwa kwa mwezi, kwa hiyo mwezi wenye Jumatatu 5 unaweza kuonekana unadaiwa na wewe umelipa kila kitu ulichopewa. Watoto nao wakihama, toka Aprili 2013 mpangaji ambaye hajafika umri wa pensheni hupunguziwa msaada kwa asilimia 14 ya kodi akiwa na chumba kimoja cha ziada, asilimia 25 vikiwa 2 au zaidi. Chumba cha wageni, ambacho kwetu ni adabu tu, huku kinakugharimu.

Sasa, usikimbilie upatu kuziba. Mpigie afisa wa kodi, mwambie unaweza kulipa kiasi gani juu ya kodi ya kila wiki, hata kama ni kidogo, na uombe mkiafikiana akuandikie. Uliza pia kama halmashauri ina fungu la dharura la kodi. Mimi nimewaona maafisa hawa wakiwa waungwana kuliko barua zao; barua huandikwa na kompyuta. Deni likifika miezi 2, wanaweza kuomba fungu la nyumba lipelekwe kwao moja kwa moja, na kwa wengine hiyo ni nafuu kubwa.

Ikija notisi ya kutaka kurudishiwa nyumba, bado hujafukuzwa. Hakuna wa kukubadilishia kufuli bila amri ya mahakama, huku si kama kule kwetu mwenye nyumba anapokuja na fundi kung'oa mlango. Toka Agosti 2023, ukishapata notisi ya maandishi una haki ya wakili wa bure, na siku ya kesi unamkuta pale pale mahakamani bila kuulizwa mshahara wako. Citizens Advice na Shelter, mashirika ya hisani ya ushauri, watakuelekeza. La muhimu ni kwenda. Jaji akimwona mtu ana mpango wa kulipa, mara nyingi huiahirisha amri kwa sharti kwamba kodi na kile kidogo cha juu vilipwe. Asiyetokea huamuliwa akiwa kwake anapika.

Safari za nyumbani nazo zina mtego. Universal Credit kwa kawaida haikuvumilii nje ya nchi zaidi ya mwezi. Na kumwachia binamu nyumba nzima akulipe kodi ukiwa Mombasa unaweza kushtakiwa kwa jinai, kuna sheria ya 2013 juu ya hilo. Jirani mwenye kinyongo huwa hachelewi kupiga simu.

Mwisho kuvu, maana wengi huacha kulipa kwa hasira ya ukuta mweusi. Awaab Ishak alikuwa na miaka 2 alipofariki Rochdale mwaka 2020 kwa kuvu ya nyumba waliyopanga wazazi wake. Sheria yenye jina lake ilianza England Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, unyevu na kuvu vya kutisha vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Piga picha, peleka taarifa kwa maandishi, tunza namba ya kumbukumbu. Wakikupuuza, lalamika rasmi mara 2, kisha nenda Housing Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya wapangaji, bure. Ila kodi endelea kulipa. Ukiisimamisha, wao ndio wanakupeleka mahakamani kabla ya wewe kuwapeleka.