Saa 24 kiunoni: dawa iliyo ndani ya pampu ya puto

Pampu ya puto ni mpira uliojazwa dawa, unaoisukuma polepole kwenye mshipa wa mgonjwa. Kibandiko chake kimeandikwa "tumia ndani ya saa 24". Uliza kwanza: kwenye joto gani? Takwimu nyingi za uthabiti wa viuavijasumu (yaani muda ambao dawa hizo za kuua bakteria hudumu bila kuharibika) zilipatikana dawa ikiwa imetulia kwenye nyuzi 25, au kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Pampu ya mgonjwa anayetibiwa nyumbani iko kwenye mkoba kiunoni, chini ya koti, na usiku inalala naye ndani ya blanketi. Hapo dawa hupita nyuzi 30 bila shida, na ikibanwa na mwili usiku kucha hukaribia 37. Nyuzi 10 za ziada zinatosha kuongeza kasi ya kuharibika mara mbili au tatu. Ndiyo maana Uingereza hutaka pampu hizi zipimwe kwenye nyuzi 32 kwa muda wote wa matumizi, na nadhani huo ndio msimamo wa haki. Karatasi ya takwimu inayotaja nyuzi 25 pekee haimsaidii aliyevaa pampu.

Penisilini ndizo zinazotusumbua zaidi. Kiini chake ni pete ndogo ya atomu 4, iliyokunjwa kwa nguvu kiasi kwamba maji yenyewe huifungua. Ikifunguka, inazaliwa asidi ya penisiloiki: haiui bakteria tena, na mabaki ya aina hiyo ndiyo yanayohusishwa na mzio. Asidi hiyo hushusha pH (kipimo cha uasidi: kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi), na pH ikishuka chini ya 6 pete zilizobaki hufunguka haraka zaidi. Dawa inajichochea kuharibika. Ukichanganya benzilpenisilini au flukloksasilini kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 peke yake, asubuhi inaweza kuwa nzuri na usiku ikawa hafifu, ilhali kwa macho ni maji meupe yale yale.

Suluhisho la tatizo hilo ni bafa, yaani kimiminika kinachozuia pH kubadilika: sitrati ya sodiamu ya asilimia 0.3, yenye pH inayokaribia 7. Inameza asidi inapozaliwa, na mporomoko hauanzi. Tuseme mgonjwa anahitaji gramu 8 za flukloksasilini kwa siku, na pampu inatoa mililita 10 kwa saa. Jumla ni mililita 240, yaani miligramu 33 hivi kwa kila mililita. Kumbuka kwamba unga nao una ujazo wake: mililita 240 ni baada ya kuyeyusha na kuongeza bafa, wala si bafa peke yake. Usichanganye dawa kwa maji ya glukosi kwa sababu tu ndiyo iliyo karibu. Ampisilini na amoksisilini huharibika ndani yake kwa kasi.

Seftazidimu, kiuavijasumu kingine, ina mambo mawili. Kichupa chake kina kaboneti ya sodiamu, kwa hiyo ukitia maji inatoa gesi ya kabonidioksidi na kutoa povu. Subiri povu liishe na utoe gesi kabla ya kuvuta, la sivyo viputo vitaingia kwenye mpira wa dawa. La pili ni zito zaidi: ikiharibika inaachia piridini, ambayo ni sumu, na kwenye nyuzi 37 upotevu ndani ya saa 24 ni mkubwa mno. Pampu mbili za saa 12 ni salama kuliko moja.

Meropenemu, nayo kiuavijasumu, usiiweke kwenye pampu ya saa 24. Huharibika upesi, na kadiri unavyoifanya nzito ndivyo inavyokwenda haraka, kwa hiyo kubana dozi kubwa kwenye puto dogo kunazidisha tatizo. Vankomisini, kwa upande wake, huvumilia joto vizuri. Shida yake ni kuchoma mshipa, hivyo inataka katheta (mrija mwembamba unaoingizwa mshipani) ya mshipa mkuu.

Sasa upande wa pampu, ambao wengi huutenga na suala la uthabiti wakati ni jambo moja. Puto linasukuma, lakini anayeamua kasi ni kijibomba chembamba kinachobandikwa kwenye ngozi kwa plasta. Kimepimwa kwa joto la ngozi, nyuzi 31 hadi 33 kwa pampu nyingi. Plasta ikibanduka na kijibomba kikaning'inia kwenye hewa baridi, kimiminika kinakuwa kizito. Mnato wa maji kwenye nyuzi 20 ni zaidi ya ule wa nyuzi 30 kwa karibu robo, kwa hiyo pampu ya saa 24 itachukua kama saa 30. Dozi imepungua, na dawa imekaa kwenye joto la mwili saa 6 zaidi ya ilivyopimwa. Pampu iliyotoka friji nayo huanza kwa kusuasua. Iache ipate joto la chumba kwa saa ambazo mtengenezaji ametaja, na saa hizo zihesabiwe kwenye muda wa dawa. Kujaza pungufu huharakisha mtiririko, kujaza kupita kiasi huuchelewesha. Mililita chache hubaki ndani kila mara. Zifidiwe wakati wa kuandaa.

Kukadiria kwa kutazama puto kunadanganya. Tumia mizani ya jikoni. Pima pampu kabla ya kuunganisha, andika gramu juu ya mkoba, upime tena baada ya saa 12. Gramu 1 ni karibu mililita 1, kwa hiyo kwa mililita 10 kwa saa inapaswa kuwa imepungua gramu 120 hivi, na kati ya 100 na 140 hakuna haja ya wasiwasi. Ikipungua gramu 40 tu, angalia kibano cha mpira wa dawa kama kimeachwa kimefungwa, kisha mpira wenyewe kama umejikunja chini ya nguo, kisha plasta ya kijibomba, mwisho katheta yenyewe. Katheta isafishwe kwa bomba la sindano la mililita 10. Dogo kuliko hilo hutoa shinikizo linaloweza kuipasua.

Saa 24 zikitimia na puto bado lina dawa, mgonjwa asiambiwe asubiri liishe. Liondolewe, lipimwe, kilichobaki kiandikwe kama dozi isiyotolewa, na pampu mpya iunganishwe.