Soma mwenyewe, mwanangu

Leo ni Ijumaa, lakini mimi bado nimesimama pale pale pa Jumatatu asubuhi, mbele ya feni ya boila.

Beringi ilikuwa imekufa tena, ya tatu tangu nianze mafunzo. Mzee, fundi anayenifundisha kazi, alishaitoa, grisi imemfika viwikoni. Akanigeukia: "Hii ni 6308. Shafti yake milimita ngapi?" Ningesema sijui, yangeishia hapo. Nikajibu, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika: 45. Hakunibishia. Aliifuta beringi taratibu kwa kitambaa, akachukua venia, kile kipimo cha milimita, akapima tundu la ndani, akanipa. "Soma mwenyewe, mwanangu." Ilikuwa 40 kamili. Na wale vijana wawili wa chuo cha ufundi cha VETA wanatazama.

Tarakimu mbili za mwisho za namba ya beringi unazizidisha kwa tano. Nane mara tano. Alinieleza baadaye wakati wa chai, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Nimesoma chuo miaka minne! Wiki nzima hiyo "soma mwenyewe" nimeisikia bafuni, nimeisikia kwenye daladala, hata juzi ukumbini dada alipovishwa pete. Afadhali angenicheka.

Jana usiku nikafungua madaftari ya mwaka wa tatu, nadhani nikitafuta ushahidi kwamba kweli nilisoma. Nikakuta lile somo la uhai wa beringi: ya gololi, mzigo ukiongezeka mara mbili, uhai haupungui nusu, unabaki sehemu moja ya nane. Nikainuka kitandani. Beringi zote tatu zilikufa upande wa puli. Mkanda! Ukikazwa mno, unaibebesha beringi mzigo.

Leo nimemfuata kabla hajavaa ovaroli. "Shikamoo Mzee. Naomba tuutazame mkanda wa feni, naona kama umekazwa mno."

"Marahaba. Nimeukaza mimi."

Nikanyamaza. Natamani kuyarudisha maneno kinywani. Yeye akaenda, akaukandamiza kwa dole gumba, haukubonyea. Akachukua spana, akalegeza bolti za mota, akaisogeza, akanipisha. "Bonyeza wewe. Hapo?"

"Bado kidogo, Mzee."

Tulipowasha, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye hauzingi, lile kasha la beringi, mpini sikioni. Akasikiliza muda mrefu. Kisha akanipa na mimi. Mvumo mmoja tu, hauna mkwaruzo.

"Liandike hilo kwenye daftari lako la mafunzo," akasema. Nimeandika yote, hata ile 45 yangu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka miaka mitatu ya mafunzo kazini, mimi nina miezi saba, na kwa mara ya kwanza sijaiona mingi. Jumatatu nataka anifundishe kupanga puli kwa uzi.

Mama anasema kikohozi kimekwisha. Lakini jioni hii kwenye simu alikatiza maneno mara mbili, akaiweka simu mbali na mdomo, na nilimsikia anavyohangaika kuvuta pumzi.