Kiua cha kwanza

Juzi binti yangu kafungua sanduku kutafuta kanga, akatoka na kofia ya Baba. Akaizungusha mkononi taratibu, kidole chake kikasimama pale pale nilipojua kitasimama.

"Mama, mbona tundu hili kubwa kuliko mengine?"

Nilimjibu kwa ufupi, maana skuli ilikuwa inamngoja. Jawabu refu ndilo hili.

Bafta ya kofia ile, kitambaa cheupe cha pamba, niliinunua mwenyewe Darajani, pamoja na uzi, nilipomwahidi Baba kuwa kofia yake ya Idi nitaishona mimi, ya viua, yaani vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi mpaka vifanye maua, kwa mkono. Shangazi akanikatia duara ya juu na ukanda wa pembeni, akanichorea maua kwa penseli. Idi ile ikapita. Ikapita ya pili na ya tatu, penseli ikaanza kufifia ndani ya mfuko. Sikuwa nimesahau. Kila siku niliishona kichwani. Nilisema: usiku, watoto wakishalala. Usiku ukifika kuna televisheni, kuna maongezi, macho yashakuwa mazito. Basi kesho usiku. Baba hakuniuliza hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Disemba 2009 umeme ukakatika Unguja nzima, tukakaa hivyo hadi Machi 2010. Mliokuwepo mnakumbuka: jenereta zinanguruma madukani, ndoo na madumu yamepangwa visimani kwa sababu pampu za maji nazo zimesimama. Kwetu kulikuwa na kandili moja, na kwa mwanga wa kandili kiua hakishoneki. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, huoni unapochoma.

Nikawa sina tena usiku wa kuahirishia.

Asubuhi moja, baada ya swala ya alfajiri, nikatoka na mfuko wangu nikakaa barazani. Mwanga ulikuwa bado wa kijivu. Nilikaa muda na bafta mapajani, nikiinyoosha, nikiikunja, nikitafuta ua la kuanzia, hata jogoo wa jirani akachoka kuwika. Nilichokuwa nakiogopa nilikijua hasa asubuhi ile: kitambaa kilichokuwa safi miaka yote hiyo, nikishakitoboa, kitakuwa na kosa langu. Nikachoma. Mkono ulitetemeka, nikaizungusha sindano kupita kiasi, na tundu ambalo lilitakiwa lisizidi kichwa cha njiti ya kibiriti likafunguka kama jicho. Nikaanza kulizungushia uzi, mshono kwa mshono, kila mmoja nikiuvuta na kuubana kwa ukucha. Kiua kimoja, karibu nusu saa.

Sikumsikia Baba akirudi msikitini. Niliona kanzu tu pembeni yangu. Alisimama akitazama mikono yangu, halafu akahama hatua moja, kivuli chake kisiniangukie.

"Kikubwa hiki, Baba," nikamwambia. "Nitakifumua."

"Kiache hivyo hivyo, mwanangu."

Akaingia ndani.

Kesho yake nilishona viwili. Wiki ile sikufika hata ua moja zima, lakini kila alfajiri nilikuwa barazani, na Shangazi akipita na ndoo yake ya maji huinama kuangalia, akisema, "Endelea, endelea." Maulidi yakaja, kofia haijafika nusu. Umeme uliporudi mtaa mzima ulipiga kelele za furaha, nami nilifurahi, ila moyoni nikaingiwa na hofu: usiku wangu umerudi na mazoea yake. Kwa bahati alfajiri nazo zilikuwa zimeshakuwa zangu. Baba aliivaa kofia ile Idi ya mwaka huo, na Ijumaa nyingi baadaye, mpaka iliporudi kwangu.

Mpaka leo sijui niseme niliamua kuanza, au giza ndilo lililoniamulia. Ningependa kumwambia binti yangu kuwa niliamua. Lakini kabatini kuna bafta nyengine, ya kaka yake, ina mwaka wa pili haijaguswa, na umeme haujakatika hata kidogo.

Jana usiku nimeitoa. Nimechora duara na ua moja. Mfuko nimeuweka mlangoni, juu ya viatu vyangu, ili nisitoke asubuhi bila ya kuushika.