Siku yangu na mnyama wa saa nne

Saa 1 asubuhi. Kwetu Morogoro, mtu wa wanyamapori akiwa bado kitandani saa hizi atasemwa mpaka Pasaka. Hapa Dryandra, Australia Magharibi, nimejikunyata ndani ya blanketi mbili na hakuna anayenigombeza. Ni Julai, baridi inauma, na mnyama wangu naye amelala.

Saa 3. Chai, mkate, betri za redio. Nimfuataye ni numbati: mdogo kama kindi, mgongo una mistari myeupe. Yumo katika kundi la wanyama wa mfuko, kama kangaruu, ila jike lake halina mfuko. Hula mchwa tu, na tofauti na muhanga wetu, hana kucha za kubomoa kichuguu. Anangoja jua lipashe udongo joto, mchwa wapande kwenye vijia vya juujuu, ndipo afukue. Mchwa wakichelewa, naye anachelewa, nami nachelewa.

Saa 4 na nusu. Naelekeza antena huku na huku. Kola aliyovaa inatoa mlio, tik, tik, kisha kimya. Nazunguka miti ya wandoo, aina ya mkaratusi, kama mtu aliyepoteza funguo.

Saa 6. Huyo hapo! Jike, mkia umesimama kama brashi, anakwangua kando ya gogo. Anapoinuka naona watoto wanne wakining'inia tumboni, wameng'ang'ania chuchu, wanaburuzwa kwenye majani makavu. Naacha hata kuandika. Ulimi wake una urefu wa sentimita 10 hivi, na kwa siku anaweza kumeza mchwa 20,000. Porini wamebaki wachache, nami nina watano mbele yangu.

Saa 8 mchana. Kamera za mtego, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Kangaruu, kangaruu, ndege, halafu paka. Paka huyu wa mwituni ndiye ananikosesha usingizi. Mbweha walioletwa na Wazungu karne ya 19 walikuwa adui mkuu, lakini wao wana dawa: vipande vya nyama vyenye sumu iitwayo 1080. Sumu hiyo imo pia katika mimea ya huku, hivyo wanyama wenyeji wengi wameizoea tangu enzi na enzi. Mbweha mgeni akila, kwisha. Paka ana maringo. Anataka nyama inayokimbia. Tena mbweha walipopungua, yeye akapata nafasi. Naandika namba ya kamera na saa.

Saa 10 jioni. Mlio umetulia, ameingia ndani ya gogo lililotobolewa na mchwa haohao. Adui akimfuata, huziba tundu kwa makalio yake yenye ngozi nene. Ndiyo maana magogo hapa hayaokotwi, na kuni zetu tunanunua mjini.

Saa 12. Simu ya mama. Kwao ni saa 7 mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado unamwangalia huyo mla mchwa?"

"Bado."

"Basi mlete. Huku wameshamaliza fremu ya mlango, sasa wanapanda darini."

Nikashindwa kumwambia kwamba numbati angekaa tu uani kwake akingoja mchwa washuke.