Nilivyozipata nibu ninazozipenda za kalamu za wino za zamani, hapa Mtwara

Mtu akishika kalamu ya wino ya zamani cha kwanza anaangalia mwili, rangi yake, klipu, kama ina pete ya dhahabu, alafu anauliza inauzwa shilingi ngapi. Mi sa hivi cha kwanza naigeuza nione ncha. Huo mwili mwingine wote ni kishikio na tangi la wino, kinachoandika ni nibu, yani hiyo ncha ya chuma, na nibu ikigombana na mkono wako au na karatasi yako basi hata upewe Parker ya bei mbaya utairudisha kwenye droo uendelee na biki.

Naandika hii kwa sababu naulizwa sana. Watu wananikuta naandika kadi za harusi au kitabu cha kikundi wanasema dada na mimi nitafutie kama hiyo, nikiwauliza utakuwa unaandikia nini wananishangaa, na hilo ndo swali lenyewe hasa, unaandikia nini na kwenye karatasi gani.

Mi nina kazi za aina tatu. Kuna leja na mihtasari ya kikundi chetu cha VICOBA, hiyo inaandikwa kwenye kaunta buku. Kuna kadi na vyeti, majina ya waalikwa, maulidi, kipaimara, mahafali. Na msimu wa korosho ukifungua mwezi wa kumi huwa naenda kusaidia kwenye chama cha msingi kuandika risiti za wakulima, zile za kuweka kaboni katikati nakala zinatoka chini. Ukiziangalia hizo kazi tatu hakuna nibu moja itakayoziweza zote, na mi nililielewa hilo kupitia kalamu mbili alizoacha babu.

Babu alianza ukarani Nachingwea kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951, baadae akaja bandarini hapa Mtwara akakaa mpaka alipostaafu. Aliacha Parker 51 na Osmiroid 65. Hiyo Parker 51 ilitoka Marekani 1941 na nibu yake imefichwa ndani ya kikofia, inachungulia kidogo tu mbele, na kwa joto letu hili ina faida kubwa maana wino haukauki haraka kwenye ncha ukiwa umesimama unafikiria cha kuandika. Tatizo nibu yake sio ya kubadilisha kirahisi, kile kikofia kimegandishwa na gundi, kukifungua lazima ukipashe moto na mtu asiyejua ataharibu kila kitu. Kwa hiyo unapokea kama ilivyo.

Na ya babu ilivyo ni hivi. Niliipeleka kwa fundi saa mmoja sokoni akanipa kile kioo chake cha kuvaa jichoni nikaiangalia ncha, nikaona kile kipira kidogo cha madini magumu cha mwisho kimelika upande mmoja, kina kabapa kadogo kanang'aa kabisa. Ni mwandiko wa babu huo, miaka yote alikuwa anailaza kalamu kidogo kushoto na chuma kimelika kufuata mkono wake. Mi nikiishika kawaida inakwaruza, nikiizungusha kidogo kushoto mpaka kale kabapa kakae sawa na karatasi inateleza vizuri sana. Fundi akaniambia mwanangu hii inasagika, dakika tano tu, nikamwambia hapana baba iache. Mpaka leo sijaigusa, naitumia kusainia tu.

Osmiroid ndo iliyonifungulia mlango. Hizi zilikuwa za Uingereza, kiwanda kilikuwa Gosport, na zilitumika sana mashuleni huko kufundishia mwandiko, nibu yake inafunguliwa kama balbu unaichomoa na fidi yake yote, fidi ni ile nyeusi ya chini inayoleta wino. Ya babu ilikuwa imeganda wino mkavu wa sijui miaka mingapi. Niliiloweka usiku kucha kwenye maji ya kawaida na tone la sabuni ya maji, sio maji ya moto, plastiki za zamani zikipata moto zinafifia rangi au zinapinda, asubuhi nikashika nibu na fidi kwa pamoja na kitambaa cha mpira nikazungusha taratibu ikatoka. Usishike nibu peke yake utaipindisha. Kifuko cha mpira cha ndani kinachobeba wino kilikuwa kimekuwa kama lami, hiyo ni kawaida kwa kalamu za umri huo hasa zikikaa kwenye joto, nikaagiza kingine.

Nilipoanza kusoma kuhusu nibu za kufungua ndo nikakutana na Esterbrook. Kampuni ya Marekani, Camden kule New Jersey, imeanza 1858, na kalamu yao ya J ilitoka miaka ya 40 ikauzwa bei ya mtu wa kawaida, sio ya matajiri. Walichofanya ni kwamba nibu ulikuwa unachagua mwenyewe kwenye orodha kulingana na kazi, unaifunga, ikichoka au ukibadilisha kazi unafungua unaweka nyingine. Na uzuri zaidi nyuzi zake za kufungia, zile kama za skrubu, zinaingiliana na za Osmiroid! Kwa hiyo kalamu moja unaweza kuchezea nibu za makampuni mawili. Nilinunua J moja ya kijani mtandaoni, ikaja kwa posta, na tangu hapo hela yangu naiweka kwenye nibu sio kwenye kalamu.

Kila nibu ya Esterbrook ina namba ya tarakimu nne na ukizielewa hutaibiwa. Zinazoanza na 1 na 2 ni chuma kitupu, ncha imekunjwa tu na kusuguliwa ikawa laini, hazina kile kipira cha madini magumu. Zinazoanza na 9 ndo zimewekewa kipira, zinadumu miaka na miaka. Tarakimu zinazofuata zinakwambia aina ya ncha. 668 ni wastani ngumu, 556 ni nyembamba ngumu, 550 ni nyembamba sana ambayo wao wenyewe waliiandika kuwa ni ya watunza hesabu, 460 ni ngumu kwelikweli ya kuandikia nakala za kaboni. Nilivyoona hiyo ya kaboni nilicheka kwa furaha, yani kuna mtu alikaa akamfikiria karani wa risiti.

Sasa watu wataniambia lakini nibu ya dhahabu ndo nibu. Hapana jamani. Kinachogusa karatasi kwenye nibu nzuri ni kile kipira cha ncha, madini magumu ya jamii ya osmiamu na iridiamu, dhahabu yenyewe haigusi karatasi hata siku moja. Faida yake ya kweli ni kwamba hailiwi na wino wenye asidi, na zile laini za dhahabu zinatanuka vizuri ukikandamiza na kurudi. Kama unaandika kawaida kwa wino wa kawaida kama Quink na unasafisha kalamu yako, chuma kitakutosha.

Turudi kwenye kazi. Kaunta buku zetu karatasi yake inakunywa wino. Na huku pwani ni mbaya zaidi kuanzia Desemba mvua zikishaingia mpaka Aprili, karatasi inavuta unyevu wa hewani, ukiandika na nibu ya wastani inayotoa wino mwingi kila herufi inaota manyoya pembeni na inatokea nyuma ya ukurasa, leja unashindwa kutofautisha 3 na 8, na kwenye pesa za watu huo sio mchezo. Nilijaribu 9668, nzuri mno mkononi, kwenye leja ikanishinda. 9556 ikawa nafuu. 9550 ndo ikamaliza kazi, mstari mwembamba, tarakimu zinakaa ndani ya kisanduku hata kiangazi hata masika. Inasikika kidogo ikitembea, ina kasauti, mwanzo unaweza kudhani inakwaruza lakini sio kukwaruza, nibu nyembamba zote zinaongea kidogo.

Kwenye risiti za korosho nilianza na hiyohiyo 9550 na karani mwenzangu akaja na kitabu mkononi, "Dada, nakala ya tatu huku haisomeki kabisa, mkulima akija kudai tutasomaje?" Na kweli, nibu hizo ukizikandamiza zinafunguka meno, yale mapande mawili ya ncha, badala ya kusukuma kaboni. Nikaagiza 9460. Hii ukiiweka kwenye kucha ya dole gumba na kubonyeza haitikisiki, nene, mabega yake yamesimama, na unaikandamiza kama biki nakala ya tatu inatoka inasomeka kilo na jina. Haina raha yoyote ya uandishi, nikwambie ukweli, lakini msimu wote inakaa kwenye kalamu na mi naipenda kwa sababu ya kazi yake.

Kadi ndo sehemu ya raha. Hapo natumia italiki ya Osmiroid, ya wastani, ncha yake imekatwa flati kama patasi, mstari wa kushuka unatoka mnene wa kupita unatoka mwembamba bila kukandamiza chochote, jina la mtu linapendeza lenyewe. Shida yake kona zake ni kali, ukiinua kalamu vibaya kidogo kona inachimba karatasi, kwa hiyo inataka uandike polepole na pembe moja tu. Siku nikiwa na kadi nyingi nahamia kwenye 2314-M ya Esterbrook, hiyo imekatwa mshazari na kona zimelainishwa, tofauti ya unene ipo lakini inakusamehe. Kuna mzee wa Mikindani huwa anaandika majina kwa herufi za Kiarabu, alivyoishika hiyo ya mshazari hakutaka kuirudisha, ikabidi nimtafutie ya kwake. Ila kadi zile za kung'aa kama plastiki nazikataa, wino haunywewi unakaa juu tu na kidole kikipita umekwisha, mteja namwambia mapema kabisa alete kadi isiyong'aa.

Nibu laini za kutanuka, hizi ndo kila mtu anazitaka akiona video. Nilikuwa nayo 9128, nyembamba sana na inatanuka sana. Kwenye karatasi nzuri ni kitu cha ajabu. Kwenye karatasi zetu ncha zinapotanuka zinakamata nyuzinyuzi za karatasi alafu zikirudi zinarusha matone. Nilimpa shangazi ambae alisomea uhazili Tabora, yeye hatimkato yake, ule mwandiko wa alama wa kuandika haraka, ni ya Pitman, ile ya 1837, ambayo mstari mzito na mwepesi ni sauti mbili tofauti kwa hiyo anahitaji nibu inayobadilika unene. Ile ya Gregg ya 1888 haijali unene ndo maana Esterbrook walikuwa na nibu yake ngumu, 1555. Shangazi anaitumia mpaka leo, mkono wake mwepesi. Mtu mwenye mkono mzito asiiguse, chuma kikishatanuka kupita kiasi hakirudi.

Ninavyoipima nibu ikifika. Naangalia kwanza na kioo cha kukuzia, nimeshanunua changu, kama meno mawili yako usawa mmoja, jino moja likiwa juu ndo kukwaruza kwenyewe huko na unalirudisha kwa kulisukuma taratibu na kucha ya kidole, hauhitaji msasa. Alafu mwanga upite kwenye ule mkato mwembamba kati ya meno, usipopita kuna wino mkavu au meno yamebana, napitisha kipande cha filamu ya zamani ya kamera, wembe unakwangua. Baada ya hapo naichovya tu kwenye wino, sijazi kalamu, naandika namba nane zilizolala bila kukandamiza. Inakwaruza upande gani, inaanza mara moja au inaruka. Ikiwa bado ina ukali naizungusha kwenye karatasi ya mfuko wa kaki dakika moja hivi alafu naijaribu tena. Msasa laini kabisa ule wa 12000 natumia kwa zile za 9 tu na mizunguko michache, zile za 1 na 2 hazina kipira, ukizisugua unaimaliza ncha yenyewe.

Kwa anaetaka kuanza, andika kwanza na biki yako ukurasa mzima kama unavyoandika siku zote, geuza uguse nyuma. Ukikuta mikwaruzo imejaa mkono wako mzito, tafuta ngumu, 9556 au 2668. Ukikuta laini una nafasi ya kuchagua chochote. Alafu muuzaji mwambie akupigie picha ya ncha kwa karibu, kutoka juu, ubavuni na kwa mbele, namba isomeke, na kama anayo kalamu akuandikie mstari mmoja nayo. Za 2 ni rahisi zaidi kuzipata na bei yake nafuu, 9550 na 9128 zinapanda bei maana wengi wanazitafuta. Akikwambia ni mpya haijatumika lakini picha ya ncha hataki kutuma, muache, subiri nyingine.