Vidonge vya mgongo

Yule bibi wa Ujiji nilimpima presha mara tatu asubuhi ile, nikimpumzisha kila baada ya kipimo. Cha mwisho kilisoma 184 kwa 106. Tulikuwa barazani kwake, kwenye mkeka, na upepo wa ziwani ulituletea harufu ya dagaa wanaoanikwa.

Kitabu chake cha kliniki kilionyesha anatumia dawa mbili za presha: losartani, na haidroklorothiazaidi ambayo ni ya kukojoza. Mwezi mmoja kabla, nilipomkuta na presha ileile, nilikuwa nimeandika kwenye hojaji ya utafiti wetu: hanywi dawa ipasavyo. Sikumuuliza sana. Ndivyo tulivyozoea kufikiri pale kazini: presha ikikataa kushuka, basi mgonjwa ametupa dawa.

“Bibi, dawa unakunywa kweli?”

“Mwanangu, chakula naweza kukosa. Dawa ya presha siiachi.”

Akamtuma mjukuu ndani alete kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limejaa maganda ya vidonge ya miezi mingi. Alikuwa akiyatunza ili daktari akimtilia shaka awe na cha kumwonyesha. Nikayamwaga mkekani, nikahesabu nikilinganisha na tarehe za kliniki. Hakuna siku aliyoruka.

Lakini mle koponi mlikuwa na maganda mengine, mengi kuliko yale ya presha. Nikaligeuza moja: diklofenaki, miligramu 50.

“Na haya, bibi?”

“Hayo si dawa. Hivyo ni vidonge vya mgongo tu.”

Alikuwa amebeba madebe ya mawese tangu akiwa binti. Mgongo ulipoanza kumsumbua, akaenda duka la dawa, akauziwa bila cheti, akapata nafuu, akaendelea: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku.

Niliona aibu, maana jambo hili nilikuwa nalijua. Nilikuwa mwanafunzi wa utabibu tarehe 30 Septemba 2004, kampuni ya Merck ilipoiondoa Vioxx sokoni baada ya utafiti kuonyesha kwamba watumiaji wake walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Ilikuwa dawa ya maumivu ya viungo, imemezwa na mamilioni ya watu tangu 1999. Diklofenaki ni ya ukoo huohuo, na katika zile za zamani ni miongoni mwa zinazoikaribia zaidi kwa namna inavyofanya kazi mwilini. Nilifaulu mtihani wenye swali hilo. Kisha nikaingia nyumba za watu na hojaji inayouliza dawa za presha peke yake.

Figo huhitaji kemikali ziitwazo prostaglandini ili zitoe chumvi na maji vizuri. Diklofenaki huzizuia. Chumvi inabaki, maji yanabaki, presha inapanda, na losartani pamoja na ile dawa ya kukojoza zinapungua nguvu. Zikikutana zote tatu kwa mtu wa umri wake, figo zenyewe zinaweza kufeli. Nilimweleza bibi haya polepole, nikamwandikia barua ya kliniki wampime figo, nikamwomba aache vile vidonge na maumivu yakizidi atumie parasetamoli.

Akanisikiliza mpaka mwisho. “Nimekuelewa, mwanangu. Sasa madebe nani atanibebea?”

Sikuwa na jibu, na sikumdanganya kwamba ninalo.

Niliporudi baada ya wiki tatu, mashine ilisoma 152 kwa 90. Figo zilikutwa nzima. Mgongo ulikuwa bado unamuuma, na mjukuu alikuwa amekwenda sokoni badala yake.

Jioni ile nilitoa hojaji zote nilizokuwa nimeandika “hanywi dawa ipasavyo”, zikajaa meza. Kesho yake nikaanza upya na nyumba ya kwanza, ya fundi mmoja wa mitumbwi. Kabla sijatoa mashine mkobani nikamuuliza: “Mzee, mwili ukiuma, huwa unameza nini?”