Mstari Mmoja Ubaoni

Juzi jioni, nikiwa jikoni namenya viazi, binti yangu alikuja na daftari lake la Sayansi akaniambia kwamba siku hiyo mwalimu wao alikosea tarehe ubaoni mara tatu, kila mara akaifuta kwa kiganja, kisha akasimama kimya kwa muda mrefu akiwa amewapa mgongo. Baadhi ya watoto walicheka. Yeye hakucheka, lakini alitaka kujua: "Mama, tunaruhusiwa kucheka?" Nikamwambia akaoge kwanza. Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu mgongo ule alioutazama yeye nimewahi kuwa nao mimi, na yaliyonipata siku hiyo sijawahi kuyaandika hapa, ingawa mengi ya shule ile ya sekondari nilikofundisha Hisabati nimeshayasimulia.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka 2017, siku chache baada ya kupokea matokeo ya upimaji wa kidato cha pili. Wanafunzi wangu wapya wa kidato cha pili walikuwa wale walioingia mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, na mkondo mmoja tu ulikuwa na watoto 84. Nilifurahi kuwaona, na bado nafurahi kwamba walikuja, lakini walimu wa Hisabati hatukuongezeka kwa kadiri walivyoongezeka wao. Mwaka huohuo makato ya mkopo wa elimu ya juu yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara, baba watoto alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, na mtoto alikuwa haachi kukohoa usiku. Sitayaeleza zaidi hayo. Kila mwalimu anayesoma hapa ana orodha yake.

Asubuhi ile mgeni kutoka ngazi za juu alifika kabla ya paredi. Walimu ambao masomo yao yalifanya vibaya tuliitwa mbele, tukapangwa tukiwatazama wanafunzi wetu, na kila mmoja akatakiwa asome kwa sauti wastani wa somo lake. Nilisoma wangu. Akaniuliza, wanafunzi wote wakisikia, kama mshahara ninaopokea ninaula kwa halali. Miaka hiyo, nchi nzima, waliofaulu Hisabati kidato cha nne hawakufika hata robo ya watahiniwa, na sababu zake zilianza mbali sana na ubao wangu. Lakini pale mbele sikuwa na nafasi ya kueleza hilo, na hata ningekuwa nayo, sauti isingetoka. Walimu wa rika langu hatujasahau mwaka 2009 kule Bukoba, ambako mkuu wa wilaya aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya. Taifa lilikasirika, na Rais Kikwete akamwondoa madarakani. Sisi hatukuguswa na fimbo. Tuliambiwa maneno tu, kisha kengele ikagonga, na kipindi cha kwanza kilikuwa changu.

Niliingia darasani, wakasimama, wakasalimu, nikawakalisha. Nikageukia ubao nikaandika mlinganyo wa kwanza wa siku: x² + 5x + 6 = 0. Hapo ndipo nilipohisi kitu kikipanda kutoka kifuani na kukwama kooni, na nikajua kwamba nikigeuka watoto 84 wataona uso ambao dakika kumi kabla waliuona ukitahayari paredini. Sikugeuka. Nikaandika mlinganyo uleule tena chini yake, polepole, nikiinyoosha kila herufi kana kwamba ninaandika cheti. Nikauandika mara ya tatu. Vumbi la chaki lilikuwa limejaa vidoleni, machozi yalikuwa yakishuka bila sauti, na nilipoyapangusa kwa nyuma ya mkono nilisikia ladha ya chaki mdomoni. Nyuma yangu palikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia katika darasa kubwa namna ile. Hakuna dawati lililolia, hakuna aliyekohoa, ila sauti ya kalamu tu. Walikuwa wananakili. Nilipoandika mara ya nne nao waliandika, na ya tano, na ya sita. Nilipomaliza ya saba niliweka chaki chini, nikapumua, nikasema bila kugeuka kwamba kiranja akusanye madaftari, nikatoka nayo mikononi.

Mlangoni nilikutana na mwalimu wa zamu, mzee mmoja aliyefundisha Jiografia. Hakuniuliza nina nini. Alisema tu, "Mama, kipindi chako cha pili nitakiingia mimi, kasahihishe," akapita. Hadi leo sijui kama alisikia kimya kile kutoka koridoni au aliuona uso wangu paredini, na kabla hajastaafu sikupata ujasiri wa kumuuliza.

Katika chumba cha walimu nilifungua madaftari. Ya kwanza yote yalikuwa na mlinganyo ule mara saba, umenakiliwa kwa uaminifu, wengine hata wameupigia mistari kwa rula, kwa sababu tumewafundisha kwamba kilicho ubaoni huandikwa. Nikaendelea kufunua hadi nikafika kwenye daftari la msichana mmoja wa safu ya nyuma, mkimya, ambaye alama zake hazikuwa nzuri. Yeye aliuandika mara moja. Chini yake aliacha nafasi tupu, mistari sita, kisha akaandika tarehe ya kipindi kinachofuata, tayari kuendelea.

Nilikaa na daftari lile mbele yangu kwa muda mrefu. Huenda alichoka kunakili. Huenda alielewa kwamba zile sita hazikuwa Hisabati, akaona si haki kuziweka katika daftari la Hisabati. Niliweka alama ya vema kwenye mstari wake mmoja, na ile nafasi tupu sikuiandika kitu.

Miaka miwili baadaye tulihudhuria semina iliyozungumzia akili hisia, na mwezeshaji alitueleza kwamba dhana hiyo ilifafanuliwa katika maandishi ya kitaaluma mwaka 1990 na Salovey na Mayer, wanasaikolojia wa Marekani: mtu aweze kuzitambua hisia zake na za wenzake, azitofautishe, na azitumie kuongoza fikra na matendo yake. Nilisikiliza kwa makini, kwa kuwa chuoni tulisoma nadharia za wanasaikolojia Piaget na Vygotsky tukajua mtoto anavyokua na kujifunza, lakini moyo wa anayemfundisha haukuwa na mada. Kisha akatuomba kila mmoja ataje anachohisi wakati huo. Tulikuwa zaidi ya thelathini, na karibu wote tulitoa jibu moja: "Nimechoka." Lugha yetu haina upungufu wa maneno hayo. Tuna kutahayari, kunyong'onyea, kusononeka, kufa moyo, kuvunjika moyo, na kila moja ni jambo lake. Lakini katika chumba cha walimu maneno hayo yote yamefungiwa ndani ya moja, kwa sababu aliyechoka hupewa kiti, na aliyetahayari hatujui tumpe nini.

Mazoezi ya siku ile yalinisaidia, na ninayatumia hata sasa. Hata hivyo sikubali kwamba mzigo huu uwe wa mwalimu peke yake, ajifunze kupumua vizuri ili aweze kusimamishwa paredini bila kulia. Kilichonifikisha saa nane mchana siku ile ni mzee aliyechukua kipindi changu bila kuuliza na, kama nilimwelewa sawasawa, mtoto aliyeacha mistari sita. Hakuna kati yao aliyehudhuria semina.

Asubuhi ya leo binti yangu aliuliza tena, akifunga kamba za viatu. Nikamwambia wasicheke. Akasema hilo analijua, yeye hakucheka. Anachotaka kujua ni wafanye nini, kwa sababu huenda mwalimu akakosea tarehe na leo. Nilianza kumsimulia habari ya daftari, nikasita, kwa maana sikujua kama jambo kama lile linafundishika au likifundishwa litageuka kuwa amri nyingine tu ya kunakili. Gari la shule likapiga honi, akakimbia, na kipande cha futari ya jana bado kiko mkononi.